Nyasi Zisizokunywa: Joto, Maji na Israfu katika Mwambao wa Lindi

Nyasi bandia ni zulia la plastiki lenye majani yaliyoshonwa kwenye kitambaa kigumu. Mara nyingi mchanga au chembe za mpira humwagwa katikati ya majani hayo ili yasimame. Zilipata umaarufu duniani mwaka 1966, zilipotandikwa ndani ya uwanja wa Astrodome mjini Houston, Marekani, ambako nyasi za kweli zilikuwa zimekufa kwa kukosa mwanga chini ya paa. Watanzania walizizoea kwanza viwanjani, kama Kaitaba mjini Bukoba na Nyamagana jijini Mwanza. Siku hizi huuzwa kwa mita madukani na kutandikwa vibarazani, kwenye kumbi za sherehe na nyua za nyumba.

Zikitandikwa Mitwero, katika Manispaa ya Lindi, nyasi hizi hukutana na tatizo ambalo si la Houston: jua lisilo na paa. Mchana wa kaskazi hazikanyagiki kwa mguu mtupu. Dawa inayomjia mtu haraka ni kufungua mpira wa maji na kuzimwagia. Hapo swali huacha kuwa la ufundi peke yake. Katika mji ambao maji yalikuwa ya taabu kwa miaka mingi kabla ya mradi wa maji wa Ng'apa, na kwa watu ambao dini yao inawakataza israfu hata katika udhu, je, ni halali kumwagia maji kitu kisichokunywa? Na kama ni halali, kwa kiasi gani na kwa ajili ya nani?

Kinachojipoza na kinachopozwa

Nyasi za kweli hujipoza zenyewe. Mizizi huvuta maji ardhini, majani huyatoa kama mvuke kupitia vitundu vidogo, na kila lita inayogeuka mvuke huondoka na joto la takriban megajuli 2.4. Plastiki haina mizizi wala vitundu. Hupokea miale ya jua, hurudisha sehemu ndogo tu, na iliyobaki hugeuka joto lisilo na pa kwenda isipokuwa hewani na kwenye nyayo za anayepita. Chembe nyeusi za mpira, ambazo kwa kawaida husagwa kutoka matairi yaliyochakaa, huzidisha hali hiyo.

Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young katika jimbo la Utah, Marekani, walipima uwanja wao wa nyasi bandia. Uso wake ulifikia nyuzi joto 69, ilhali nyasi za kweli za jirani, chini ya jua lilelile, hazikuvuka sana nyuzi 31. Hewa ilikuwa moja na jua moja. Tofauti yote ilitoka katika kile kilichotandikwa.

Aristotle aliigusa tofauti hii karne nyingi kabla ya plastiki. Katika kitabu chake cha Fizikia alieleza kwamba kitu cha asili hubeba ndani yake chanzo cha mwendo na utulivu wake, ilhali kitu cha sanaa hupewa chanzo hicho na mtu aliyekiunda. Alitumia mfano wa Antiphon: kitanda kikizikwa na mbao zake zikaota, kitakachochipuka ni mti na wala si kitanda. Kwa kipimo hicho, ukijani wa nyasi bandia ni umbo lililobandikwa. Hauna kazi ya kijani, yaani kula mwanga, kunywa maji na kutoa mvuke.

Fikra za Kiislamu hufika mahali pa jirani kwa njia nyingine. Imepokewa kwamba Mtume aliweka vipande vya kuti bichi la mtende juu ya makaburi mawili, akitaraji waliomo wapate nafuu maadamu vipande hivyo havijakauka. Wanazuoni wa Kishafii, akiwamo Ibn Hajar al-Haytami, waliujengea ubichi huo hoja: mmea mbichi una tasbihi yake ambayo kikavu hakina kwa namna ileile. Kijani cha plastiki hakikauki, lakini pia hakijawahi kuwa kibichi.

Kutokana na tofauti hii unazaliwa wajibu. Anayeng'oa kinachojipoza na kuweka mahali pake kisichoweza kujipoza amejitwika kazi iliyokuwa ikifanywa na mmea. Hawezi kulilaumu jua likitenda kama kawaida yake. Swali linalobaki ni namna ya kuutekeleza wajibu huo bila kuingia katika makosa mengine.

Jua la Mitwero

Mitwero iko karibu nyuzi 10 kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo jua hupita wima juu ya vichwa mara mbili kwa mwaka, takriban tarehe 20 Oktoba na tena karibu tarehe 22 Februari. Siku hizo kijiti kilichosimamishwa wima hakitoi kivuli chochote jua linapofika kileleni, yaani mnamo saa sita na dakika tano au sita mwezi Oktoba, na saa sita na dakika 35 hivi mwezi Februari. Katikati ya tarehe hizo, jua la adhuhuri huwa upande wa kusini. Hata Desemba, linapokuwa mbali kabisa kusini, ukuta wa mita nne hutoa kivuli kisichofika mita moja, nacho huangukia kaskazini.

Hesabu hii inagusa ibada moja kwa moja. Lindi na Makka ziko karibu mstari mmoja wa longitudo, hivyo kibla ya Mitwero ni kaskazini barabara. Uwanja ulio kusini mwa msikiti haupati kivuli cha jengo adhuhuri za Desemba na Januari, kwa sababu kivuli cha jengo huelekea upande wa mihrabu. Mti uliopandwa ukingo wa kusini wa uwanja huo ndio utakaotupa kivuli chake kuelekea safu. Anayetaka kupoza nyasi bandia kwa kutegemea ukuta wa ua atakuwa amepanga kwa jua la nchi nyingine. Hapa kivuli cha mchana wa kaskazi kinatakiwa kitoke juu.

Daraja za kupoza

Fiqhi ina mpangilio wake wa kukabili joto, na mpangilio huo unafaa hata kwa jambo lisilo la ibada. Haukuanza na maji, ulianza na wakati. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, ni sunna kuichelewesha Adhuhuri joto linapokuwa kali, kwa masharti: nchi iwe ya joto, swala iwe ya jamaa, na wanaoijia watoke mbali. Kikomo kilichotajwa ni kuta kupata kivuli ambacho mtu anaweza kutembea ndani yake, bila kupitisha nusu ya wakati wa swala. Mwezi Februari, ukuta wa mita nne uliojengwa kutoka kusini kwenda kaskazini hutoa kivuli cha mita moja saa nzima baada ya jua kupita kileleni, yaani karibu saa saba na nusu.

Ikiwa swala yenyewe, iliyo nguzo ya dini, imeruhusiwa kulisubiri joto lipungue, mchezo wa mpira na sherehe ya harusi havina udhuru wa kung'ang'ania saa saba mchana. Kubadili saa hakugharimu hata tone la maji. Plastiki yenyewe inalisaidia jambo hili: haihifadhi joto kwa muda mrefu, hivyo jua likipungua au wingu likipita, hupoa upesi. Mechi inayoanza baada ya Alasiri hukuta uwanja tofauti kabisa na ule wa mchana. Hata hivyo kuchelewesha kuna mpaka. Kwa kauli yenye nguvu katika Ushafii, ruhusa hii haiingii katika swala ya Ijumaa. Jamaa inayofurika hadi uani siku hiyo itasujudu jua likiwa kali, na kwao dawa ya wakati haipo.

Daraja ya pili ni kivuli. Mwembe, mkungu na mkorosho, miti ambayo Lindi inaijua vizuri, hufanya kazi mbili: huzuia miale na hupoza hewa kwa mvuke wake. Banda la makuti au neti ya kivuli hufanya ile ya kwanza tu, lakini hufaa mara moja badala ya kungojewa miaka. Waswahili wa zamani walilishughulikia joto kwa njia hii kabla ya kufikiria kulimwagia maji. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ulioanzishwa karibu karne ya 11 na kupanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, nguzo na kuba. Kuta nene huchelewesha joto, chokaa nyeupe hurudisha mwanga. Maji yalikuwapo, kisimani na birikani, na kazi yake ilikuwa kutawadha.

Daraja ya tatu ni kile kinachotandikwa chenyewe. Zulia lenye rangi ya kijani iliyofifia hupata joto kidogo kuliko la kijani kilichokoza. Baadhi ya viwanda hutia rangi zinazorudisha sehemu ya miale isiyoonekana, ingawa nafuu yake ni ya nyuzi chache. Tofauti kubwa zaidi huletwa na kijazio. Mchanga mweupe ni afadhali kuliko mpira mweusi. Usumba wa makumbi ya nazi, unaopatikana pwani nzima, hushika unyevu na kuutoa taratibu, kwa hiyo maji kidogo hudumu muda mrefu. Ubaya wake ni kwamba huoza na kupungua, na lazima uongezwe mara kwa mara. Sehemu ya chini nayo ina neno: zulia lililolazwa juu ya zege hupokea joto kutoka pande mbili, ilhali lililo juu ya mchanga uliosawazishwa hupitisha maji na kupumua.

Katika daraja hii upo pia wajibu kwa jirani asiyecheza wala kuswali hapo. Chembe za mpira husombwa na mvua za masika hadi mitaroni na baharini. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya kuzuia uuzaji wa chembe za plastiki na mpira za kujazia viwanja, kwa kipindi cha mpito kinachoishia mwaka 2031. Msingi wa fiqhi unaokataza kudhuru na kulipizana madhara unatosha kulifikisha jambo hilo kwa mtu wa Ghuba ya Lindi bila kungoja kanuni ya Ulaya.

Maji na mizani ya israfu

Maji ni daraja ya nne, na ndiyo yenye udanganyifu mwingi. Watafiti wale wa Utah waliumwagia maji uso uliokuwa na nyuzi 79, ukashuka hadi 29. Baada ya dakika tano ulikuwa umerudi 49, na baada ya dakika ishirini ulikuwa 73. Hesabu inaeleza sababu. Jua la adhuhuri hushusha takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Hata kama nguvu yote hiyo ingetumika kukausha maji tu, lita moja kwa mita ya mraba ingeisha kwa dakika 40. Sehemu nyingine ya maji huchuruzika chini ya zulia kabla ya kufanya kazi yoyote.

Ua wa mita za mraba 20 unahitaji ndoo moja ya lita 20 ili kupata lita moja kwa kila mita. Uwanja mdogo wa mita 50 kwa 30 unataka ndoo 75 kwa mpigo mmoja, na uwanja kamili wa mita 105 kwa 68 unataka lita 7,140. Kipimo cha sunna kiko mbali sana na hapo: udhu kwa kibaba, ambacho hakifiki lita moja, na josho kwa pishi, ambayo ni vibaba vinne.

Kulinganisha vipimo hakutoshi kutoa hukumu. Hadithi iliyopokewa na Ibn Majah, ambayo baadhi ya wataalamu wameona udhaifu katika sanadi yake, inasimulia kwamba Mtume alimkataza sahaba Saad kupita kiasi katika udhu hata akiwa kando ya mto unaotiririka. Hoja iliyomo ni nzito: mto haupungui kwa kata moja, lakini kosa lipo. Israfu, kwa hiyo, si uhaba peke yake. Ni kutumia kinachozidi haja, hata pale ambapo hakuna anayekosa. Kwa upande wa pili, si kila matumizi makubwa ni israfu. Shamba la mpunga hunywa maji mengi kuliko uwanja wowote na hakuna anayelilaumu.

Wanazuoni wa usuli wa fiqhi, kuanzia al-Ghazali aliyefariki mwaka 1111 hadi al-Shatibi aliyefariki mwaka 1388, waligawa maslahi ya watu katika daraja tatu: ya dharura, ya haja na ya pambo. Mgawanyo huu unalipa jambo mwanga. Nyasi bandia kwenye kibaraza ni pambo. Maji ya kunywa na kupikia ni dharura. Pambo likidai maji siku ambayo bomba limekata na ndoo zinapangwa foleni kisimani, halina haki. Lakini mguu wa mtoto uliokwisha kukanyaga plastiki yenye nyuzi 60 si pambo. Maji yanayomwagwa ili asiungue ni maji ya mtoto, ingawa yameanguka juu ya plastiki. Kwa mizani hii, swali la kama nyasi zinakunywa halina uzito. Kinachoulizwa ni nani ananufaika, manufaa yake ni ya daraja gani, na kama njia isiyotumia maji ilikwisha kujaribiwa.

Sharti hilo la mwisho ndilo linaloamua mara nyingi. Mwenye uwanja anayemwaga maji saa saba mchana wakati angeweza kusogeza mchezo hadi saa kumi na moja ametumia maji kununua kitu ambacho wakati ungempa bure. Hapo israfu imepatikana hata kama wachezaji wamefurahi. Aliyesogeza saa, akaweka kivuli, kisha akanyunyiza kidogo dakika chache kabla ya watu kuingia, yuko ndani ya haja.

Kuna hoja inayotolewa mara kwa mara kuzitetea nyasi bandia: zinaokoa maji. Ni kweli kwamba nyasi za kweli katika joto la pwani zinaweza kutaka lita nne hadi sita kwa mita ya mraba kila siku. Lakini zulia linalomwagiwa lita moja mara tano kwa siku limekwisha kula akiba hiyo yote, na halijatoa hata tone kwa mzizi wowote. Hoja ya kuokoa maji husimama pale tu zulia lisipotegemea maji kupozwa. Anayelitandika kwa hoja hiyo kisha akalimwagia kutwa amevunja dalili yake mwenyewe.

Ibada juu ya nyasi bandia

Plastiki si najisi, hivyo kuswali juu ya nyasi bandia kunasihi zikiwa safi. Mambo matatu yanahitaji uangalifu. La kwanza ni utulivu wa paji la uso. Vitabu vya Kishafii vinapozungumzia kusujudu juu ya pamba au majani, hutaka mtu akandamize mpaka kilicho chini kibonyee. Nyasi bandia ndefu zinaingia katika sharti hilo, na sijda ya kugusagusa ncha za majani haitoshi.

La pili ni joto. Imepokewa kutoka kwa Anas kwamba masahaba walitandaza nguo mahali pa sijda ardhi ilipokuwa ya moto. Abu Hanifa, Malik na Ahmad waliona inafaa kusujudu hata juu ya ncha ya nguo aliyoivaa mwenye kuswali. Mashafii hawakukubali, ikiwa nguo hiyo hutikisika kwa mtikisiko wake, na wakaifahamu hadithi kuwa inahusu nguo iliyotengana na mwili. Kwa mtu wa Mitwero, tofauti hii inatatuliwa na mkeka. Mkeka wa ukindu umetengana na mwili, haushiki moto kama plastiki, na hauhitaji maji. Kwa jamaa ya Ijumaa isiyoweza kuchelewesha swala, mikeka na neti ya kivuli hutangulia mpira wa maji.

La tatu ni tayamamu. Aliyekosa maji hawezi kupiga viganja juu ya nyasi bandia akatosheka, kwa kuwa Ushafii unataka udongo wenye vumbi. Ua uliofunikwa wote kwa plastiki umemwondolea mwenyewe hata udongo huo.

Nani abebe mzigo

Hadithi iliyo katika mkusanyo wa Abu Dawud inawataja Waislamu kuwa washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Nyasi za kweli ziko ndani ya ushirika huo, kwa kuwa mbuzi wa jirani anaweza kuzila. Nyasi bandia ziko nje yake. Ni mali ya aliyezinunua, hazimlishi yeyote. Maji yanayozipoza, hata hivyo, hutoka katika fungu la wote, ama kwa bomba la mji ama kwa kisima. Visima vya karibu na bahari vikivutwa kupita kiasi hukaribisha maji ya chumvi kwa majirani wote, wakiwamo wasiokuwa na zulia.

Kwa hiyo mzigo wa kupoza unamwelemea mwenye zulia kabla ya kuielemea jamii. Mwenye nyumba aanze kwa kivuli na kijazio chake. Anayekodisha uwanja apange saa zake, afunge uwanja wakati wa jua kali na avune maji ya mvua ya paa kwa ajili ya kunyunyizia. Chuo kile cha Utah kiliweka kikomo cha nyuzi 49, na joto likizidi hapo uwanja ulipaswa kupozwa kabla ya kutumika. Shule, madrasa na halmashauri zinaweza kujiwekea kikomo cha namna hiyo kwa kipimajoto cha bei ndogo. Msimamizi anayewaacha watoto wakimbie peku juu ya uso uliovuka kikomo hicho hawezi kutoa udhuru kwamba nyasi ni za kijani.

Pale ambapo saa haziwezi kubadilishwa, kivuli hakiwezi kuwekwa na maji hayatoshi majirani, hukumu inakuwa nyepesi: zulia lisitandikwe. Mchanga uliofagiliwa chini ya mwembe umetosha nyua nyingi za pwani kwa karne kadhaa, na hauna deni la maji kwa mtu yeyote.